Kidole cha Hemed, Figo ya Mulki

Mwaka wa tisini na sita, Hemed, fundi cherehani wa Migori mjini, alikuwa ametimiza miaka miwili tangu apandikizwe figo ya dada yake Mulki. Waliompenda walimpenda kwa sufuria. Mokeira, jirani yake wa duka la pili, alimletea supu ya maini asubuhi na omena, wale dagaa wa ziwani, jioni. "Figo ya watu lazima ilishwe," alisema, na Hemed hakujua kukataa chakula.

Basi kidole gumba cha mguu wake wa kulia kikaanza kuwaka moto. Kikavimba, kikang'aa kama nyanya, hata shuka likikigusa jasho linamtoka. Hemed hakumwambia mtu. Alijua, au alidhani anajua: figo imekataa. Atamwambia nini Mulki, aliyepasuliwa ubavu kwa ajili yake? Akawa anakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake.

Jumamosi Mulki akaja kutoka Homa Bay. Alisimama mlangoni kwanza, akasikiliza.

"Cherehani yako inachechemea."

"Mkanda umelegea, dada."

"Mkanda! Mimi nimelelewa chini ya cherehani ya baba. Vua kiatu."

Alivua. Mulki akainama kukitazama kidole.

"Tangu lini?"

"Siku kumi."

"Ukanificha."

"Niliogopa nimekuharibia kitu chako."

"Nilikupa, Hemed. Sikukuazima."

Jumatatu walikuwa kliniki Homa Bay. Daktari Orina akamtoa Hemed damu, kisha akakiminya kidole mpaka Hemed akamwita marehemu bibi yake. Wakangoja majibu kwenye benchi hadi adhuhuri, Mulki na tasbihi yake, Hemed akikodolea macho mlango wa maabara. Daktari akatoka anatabasamu.

"Figo inafanya kazi vizuri sana. Hii ni jongo, ugonjwa wa viungo. Dawa mojawapo ya kulinda figo huzuia asidi isitoke kwenye damu, nayo inaenda kukaa kwenye kiungo. Wengi waliopandikizwa huipata. Nitakupa dawa isiyogombana na zako, na usijinunulie nyingine dukani. Vyakula vingine pia huiongeza hiyo asidi. Unakula nini?"

"Supu ya maini," alisema Hemed polepole. "Na omena."

"Kila siku?"

"Jumapili mara mbili."

Mulki alicheka mpaka tasbihi ikamponyoka. Akawageukia wagonjwa waliokuwa bado wanangoja, anaowajua na asiowajua.

"Figo yangu haina neno," akawatangazia. "Hicho kidole ni chake mwenyewe."