Galaksi Tano za Daktari Undurraga

Daktari Baltazar Undurraga alikuwa na shahada tatu na kiburi cha watu kumi. Machi alitangaza kwamba nyuma ya kundi kubwa la galaksi ameona galaksi tano changa, kijiji kizima. Akazipa majina ya mabinti zake. Gazeti la mji wetu, La Serena, likampiga picha akila empanada, sambusa ya kwetu, ilhali makala yake ya kisayansi ilikuwa bado kwa wahariri wa jarida.

Picha zile za darubini nilizisafisha mimi, Otilia Carvajal, kwa miezi minane. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Desemba. Bila jina langu kwenye makala, nani angeniajiri tena? Lakini macho hayana adabu. Kila galaksi ilikuwa na doa lile lile, na kwa mbili doa limegeuka upande, kama sura kwenye kioo.

"Daktari, hii ni galaksi moja," nikamwambia. "Kundi la mbele ni zito mno, linapinda mwanga wake. Unatufikia kwa njia tano, tunaiona mara tano."

"Otilia, binti yangu, wewe safisha picha. Kufikiri tuachie sisi."

"Mabinti watano, kovu moja?"

Kesho yake akafuta jina langu kwenye makala. Wenzangu wakainamia vikombe vyao. Wasomi hao! Hata mbuzi hupiga kelele anapochinjwa mwenzake.

Julai nyota ikalipuka ndani ya galaksi aliyoiita "Rosario". Nikapiga hesabu ya zile njia, maana nyingine ni ndefu zaidi na mwanga huchelewa, nikaandika ubaoni: *Mlipuko huu huu utaonekana kwa "Jacinta", Novemba, juma la pili.*

Undurraga alicheka hadi machozi. "Jamani, tumepata mpiga ramli!"

Novemba, Jumatano ya juma la pili, tukiwa kwenye chai ya jioni, picha mpya ikafunguka kwenye kompyuta. "Jacinta" alikuwa anawaka, mwanga ule ule, rangi ile ile. Hakuna aliyemeza mkate.

Akaniita ofisini, akafunga mlango. Sauti ilikuwa asali tupu.

"Otilia, mama, jina lako nimelirudisha. La kwanza kabisa! Langu nimelitoa, mimi mzee sina haja ya sifa. Wahariri wana maswali mawili matatu, wewe utawajibu."

Nikasoma makala. Hakuwa amebadilisha hata neno. Galaksi bado zilikuwa tano, ila sasa kosa lingekuwa langu. Nilimwonea kinyaa mtu yule.

Jina nililolililia tangu Machi nikalifuta mwenyewe, herufi moja moja, naye akitazama.