Kofia ya Marehemu Kombo

Mwalimu Kassian Haule alikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe ni kofia. Si kofia za viua zinazovaliwa Ijumaa, wala kapelo za vijana. Ni kofia za wanaume wa Kijerumani na Kiaustria, zile za zamani, za sufu nzito iliyoshindiliwa, zenye ukingo na utepe. Ya kwanza alipewa kwao Peramiho na bruda mmoja mzee wa misheni aliyekuwa akifunga mizigo kurudi Ulaya. Serikali ilipomhamishia Mafia kufundisha kemia, alizileta zote kwa boti, kazipakata kama trei la mayai. Sasa zilijaa kabati zima la nyumba yake pale Kilindoni, na kanga za mkewe Albina zililala kwenye sanduku chini ya kitanda.

"Mwenzenu kaoa wa pili," Albina aliwaambia majirani. "Bahati yangu mke mdogo hali wala hanywi, basi namvumilia."

Nyingine alizipata kwa Sospeter, muuza mitumba wa sokoni, aliyemwekea pembeni kila kofia iliyotoka kwenye robota. Kassian aliigeuza kwanza, maana kofia, alisema, husomwa kwa ndani. Aliangalia ukanda wa ngozi unaogusa paji la uso, muhuri wa mji, bitana, mshono. Hii ya Wien, kabla ya vita ya kwanza, ona tai wa kaisari mwenye vichwa viwili. Hii ya juzi tu, imepigwa cherehani kwa nailoni, rudisha. Sospeter aliitikia "Eehee!" kwa adabu zote huku akiuza soksi. Pale kisiwani hakuna aliyejua zaidi, kwa hiyo neno la Kassian likawa ndilo neno.

Ndiyo maana Zubery alimfuata yeye. Zubery alikuwa mwanafunzi wake zamani, sasa aliendesha boti ya kuwapeleka wageni kuwaona papa potwe. Alikuja Jumapili mchana, uso umemkunjamana kama anaumwa jino.

"Shikamoo mwalimu. Nimeposa, na nimekwama."

"Marahaba. Umekwamia wapi?"

"Kwenye kofia."

Kisa kilikuwa hiki. Baba yake Zubery, marehemu Kombo, alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya wageni pale Ghuba ya Chole. Mwaka mmoja mgeni kutoka Austria akapoteza kofia yake ya kijani yenye kamba, aliyokuwa ameinunua mpya Wien kabla ya safari. Aliondoka, malalamiko yakaja nyuma yake. Sasa watu wakakumbuka kwamba Kombo alionekana siku ya Idi kichwani ana kofia ya kijani yenye kamba, na kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuiona. Kombo akasema ni ya babu yake aliyewapikia Wajerumani enzi boma lao liko Chole, na yeye ameitoa kwenye kasha la shangazi yake aliyefariki. Wakamwambia ailete ikaguliwe. Akakataa katakata. "Kama neno langu halikutosheni, kofia yangu haitakutosheni," akasema, akaifungia sandukuni. Kazi ikamponyoka, jina la Kombo Mwizi wa Kofia likamganda, akafa nalo.

"Sasa mzee Shaabani ananinyima Kidawa," Zubery alisema. "Anasema binti yake hamwozi kwa mtoto wa mwizi. Ila amekubali jambo moja. Wewe ukiitazama ile kofia ukasema ni ya zamani, basi ni ya babu, na nioe. Ukisema mpya, nisahau. Mama ameshakubali kuitoa."

Kassian alijaribu kuuzuia uso wake usionyeshe furaha, hakuweza. Kofia ya enzi za boma, iliyolala sandukuni kwa Kombo, kisiwani Juani, miaka yote hiyo bila jicho la mjuzi! Alimwonea huruma kijana, kweli, lakini huruma ilikuwa imekaa kiti cha nyuma.

"Isiguswe," alisema. "Mwambie mama yako isiguswe kabisa mpaka nije."

Jumamosi walivuka kutoka Utende hadi Juani, wakapanda njia ya minazi mpaka nyumbani kwa Bi Mize, mjane wa Kombo. Wakapiga hodi, wakakaribishwa, wakaamkiana vya kutosha. Bi Mize alikuwa mshona kofia za viua, hodari, na mkekani kando yake palikuwa na moja iliyofika nusu, sindano imechomekwa. Alimtazama Kassian kwa upole.

"Mwalimu, kofia yako ile pale nje, naona sasa imekauka."

Kassian akageuka. Uani, juu ya kitako cha chungu kilichopinduliwa, kofia ilikuwa imevikwa inapigwa na jua. Ilikuwa imefuliwa. Si kupanguswa vumbi. Imefuliwa kwa maji ya moto na sabuni ya mche, ikasuguliwa ndani na nje, ikatiwa wanga wa muhogo, kama zinavyofuliwa kofia zote za heshima tangu pwani iwe pwani. Imesinyaa ikawa ya kumtosha mtoto wa chekechea, na ngumu ukiigonga inalia ko.

"Mama!" Zubery alishika kichwa. "Si nilikwambia isiguswe?"

"Nguo ya marehemu haitoki nyumba hii na jasho lake," Bi Mize alisema. "Mgeni anakuja, nimpe uchafu? Mie sikulelewa hivyo."

Lahaula! Hasira zilimpanda Kassian mpaka masikioni. Aliifuata kofia uani, akaingia nayo, akaigeuza, akataka kulia. Muhuri uliokuwa kwenye ngozi umefutika, ngozi yenyewe imejikunja kama ganda la muwa. Bitana imegandishwa na wanga, haisomeki herufi hata moja. Kipimo hakipo. Rangi imekuwa ya maji ya mchicha. Miaka chungu nzima imepita salama salimini, halafu kipande cha sabuni kinakuja kumaliza kazi kwa asubuhi moja. Alimeza maneno kwa sababu mama wa watu ni mtu mzima na ana chakula jikoni.

Kisha akaona utepe. Upande mmoja ulikuwa umeachia, na mshono wake wa asili unaning'inia. Akauvuta uzi taratibu mpaka ukatoka, mrefu kama kidole, mkavu, mzuri.

"Ngojeni," alisema, na sauti ikamrudi. "Bado hatujashindwa. Uzi huu nikiuchoma, ukiungua ukawa majivu yanayonuka nywele, ni hariri, na kofia ni ya zamani. Ukiyeyuka ukafanya kitone kama plastiki, ni wa kiwandani wa siku hizi, na yule mgeni alisema kweli. Hakuna mjadala hapo. Zubery, kiberiti!"

Zubery alikimbilia jikoni uani. Kassian akabaki na uzi kati ya vidole viwili. Bi Mize hakuinuka mkekani.

"Mwalimu," alisema polepole. "Mie nashona kofia tangu sijavunja ungo. Sufu naijua. Najua maji ya moto yanaifanya nini."

Kassian akamtazama. "Kwa hiyo ulikusudia?"

"Nilikusudia."

"Lakini Bi Mize, mwanao anataka kuoa! Na jina la mumeo je? Si ungelisafisha?"

"Marehemu aliumwa siku nyingi," alisema. "Siku moja akanishika mkono akaniambia, 'Mize, ile kofia ya babu yangu, wallahi.' Nikamwambia, 'Kombo, mie nakusadiki.' Akalala. Hakuamka tena. Sasa leo niwashe kiberiti nimkague? Na nikiona kitone, nimfuate kaburini nikamwambie nini? Na nikiona majivu, ndiyo nitakuwa nimemsadiki? Nitakuwa nimesadiki majivu." Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. "Nilishindwa kumkatalia mwanangu. Nikaona bora nionekane mjinga."

Kassian aliona haya, haya kubwa, kwa jinsi alivyomdharau dakika chache nyuma. Alipoinua macho, Zubery alikuwa amesimama mlangoni na kiberiti mkononi. Alikuwa amesikia.

Uzi ule ulimwasha Kassian vidole. Njiti moja tu, na angejua. Mungu ndiye shahidi kwamba alitaka kujua kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote katika kofia.

Zubery alimwekea mama yake kiberiti mapajani. "Washa moto, mama. Mwalimu hajala."

Bi Mize akakinga kiganja mbele ya Kassian. Kassian alikitazama kile kiganja, akauweka uzi juu yake. Mama akautunga kwenye sindano, akaushonea utepe mahali pake, kisha akaenda kuwasha moto.

Jioni ile ile wakavuka kwenda Chole, kwa sababu mzee Shaabani alikuwa anangoja jibu. Aliwakaribisha barazani, kahawa ikamiminwa. Hakuzunguka mbuyu.

"Haya mwalimu. Ya zamani au mpya?"

Ingekuwa rahisi kusema ya zamani. Nani angembishia? Zubery alikuwa ameinamisha kichwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Sijui, mzee," Kassian alisema. "Mjane ameifua. Palikuwa na njia moja ya kupima, kuuchoma uzi wake kwa kiberiti, akanizuia. Anasema mumewe alimwapia, naye akamsadiki, basi hana cha kupima."

"Na wewe kijana?"

"Mimi ni mtoto wa Kombo," Zubery alisema. "Ushahidi sina. Ukinipa binti yako utanipa hivyo hivyo nilivyo. Ukininyima, ni haki yako."

Mzee Shaabani alikitua kikombe chini.

"Watu wote wamsute Kombo," alisema, "mkewe peke yake asimame naye mpaka amezikwa, na baada ya kuzikwa." Akatikisa kichwa, akapaza sauti kuelekea ndani. "Wee mama Kidawa! Ningekuwa mimi, si ungemwita mwalimu na kiberiti?"

"Na mafuta ya taa ningeleta mwenyewe!" sauti ikajibu nyuma ya pazia.

Baraza zima likacheka. Mzee alicheka nao, lakini kicheko kilimwishia mapema kuliko wengine, akabaki analitazama lile pazia.

"Waambie wazee wako waje Ijumaa," alimwambia Zubery. "Binti yangu na aende akakae na yule mama."