Wati Elfu Mbili za Stoil

Stoil Karadzhov aliingia dukani kwa Kamen kwa sababu moja tu: mji mzima wa Yambol, mtu pekee aliyekuwa anauza amplifaya za gari na kuzielewa ni Kamen. Angekuwepo mwingine, hata mwizi anayejulikana, Stoil angekwenda kwa huyo mwizi na kumpa mkono. Lakini hakuwepo.

Kamen alikuwa kaka yake Snezhana, na Snezhana alikuwa mke wa Stoil mpaka miaka sita iliyopita, alipoachana naye akaolewa na Ognyan na kuhamia Ujerumani. Binti yao, Zornitsa, aliachwa kwa bibi yake mzaa mama amalize shule. Sasa amemaliza. Jumamosi ni mahafali, na Jumapili ya wiki inayofuata anapanda basi kwenda Stuttgart kwa mama yake, na Stoil hakuwa mjinga wa kujidanganya kwamba angerudi. Kilichobaki kwake ni safari moja ya dakika ishirini, kutoka nyumbani kwa bibi mpaka uwanja wa shule, msichana akiwa na gauni lake, kichwa nje ya dirisha, anahesabu kwa sauti mpaka kumi na mbili, idadi ya madarasa aliyosoma, kama wahitimu wote wanavyohesabu. Ataondoka kwa gari la nani, hiyo ndiyo ilikuwa kesi.

Zornitsa alikuwa ameimaliza kesi mwenyewe. Kiangazi kilichopita alihudumia watalii mezani kule pwani, na kwa mshahara wake akanunua spika mbili za maana, akamletea baba yake kazini, kwenye kiwanda cha jibini.

"Zifunge kwenye gari lako," alisema. "Zikiimba siku ile natoka na wewe. Zisipoimba, Ognyan ana gari."

Spika anazo. Mfukoni ana leva mia mbili, na mpaka mwisho wa mwezi haingii nyingine.

"Shemeji," Kamen alisema bila kuinuka. "Nimekusikia kwa harufu kabla hujafungua mlango. Hilo jibini huwa mnalilalia?"

"Mimi si shemeji yako tena."

"Basi karibu, bwana asiye shemeji. Unataka nini?"

"Amplifaya. Spika zangu ni wati mia kila moja. Wati za kweli."

"Na una ngapi?"

"Mia mbili."

Kamen alicheka kidogo kwa pua. Halafu akainama chini ya kaunta akatoa dude la kijivu, kuukuu, lisilo na katoni, limechubuka pembeni, zito kama tofali. Akaliweka mbele ya Stoil.

"Chukua hii. Inatoa wati themanini kwa kila spika, mchana kutwa, haitoki jasho. Mia na ishirini. Waya nakupa."

Stoil aliitazama hiyo amplifaya, akamtazama Kamen. Huyu ndiye aliyesimama mahakamani akasema Stoil ni mlevi, wakati wote wawili walilewa kwenye meza moja. Huyu ndiye aliyemwambia, nenda kazini tu, dada yangu hana mpango wa kuondoka, na masanduku yalikuwa tayari kitandani. Leo huruma yake imetoka wapi?

"Kwa nini bei rahisi hivi?"

"Kwa sababu ndiyo bei yake."

"Imetoka kwenye gari gani lililoanguka?"

"Stoil, usinichoshe."

Kwenye rafu ya juu palikuwa na nyingine, nyeusi, inang'aa, ina taa za buluu, na kwenye katoni yake imeandikwa 2000 kwa tarakimu kubwa kuliko kiganja. Chini yake, leva mia na tisini.

"Na ile?"

"Ile ni taa na maneno," Kamen alisema. "Itazame fyuzi yake. Ampea ishirini na tano. Zidisha kwa volti kumi na mbili za betri yako, unapata mia tatu, na nusu yake inaishia joto. Hizo elfu mbili zinatoka wapi, mbinguni? Itakupa wati thelathini safi kwa spika, basi."

"Kama ni dhaifu, si spika zangu ziko salama? Dhaifu itamchomaje mwenye nguvu?"

"Hapo ndipo mnapokosea wote. Dhaifu ukiikaba itoe sauti isiyokuwa nayo, inaanza kukwaruza, na mkwaruzo ndio unaochoma koili, ule waya wa ndani ya spika. Spika nyingi nilizotupa hapa ziliuawa na amplifaya ndogo."

Wallahi, hakuna neno la uongo alilosema Kamen asubuhi ile. Nalisema hilo kwa uchungu, maana mtu yule simpendi. Lakini Stoil alikuwa na utaratibu wake, aliujenga miaka sita: Kamen akisema kulia, yeye anakwenda kushoto, na mara nyingi ulikuwa umemfaa. Akaona mambo yote wazi. Wanataka aje na takataka mbele ya watu, inyamaze katikati ya ngoma, Ognyan afungue mlango wa gari lake jeusi.

"Nipe ile ya juu," alisema.

Kamen alitazama lile dude la kijivu kama mtu anayepima kama inafaa kusema jambo, kisha likamjia tabasamu.

"Mia na tisini," alisema. "Waya leva kumi. Na pesa sirudishi."

Mfuko ukabaki mtupu. Stoil alitoka na katoni yake kifua mbele.

Alifunga kila kitu mwenyewe, Ijumaa baada ya zamu. Aliijaribu kwa sauti ya chini, ikaimba vizuri kabisa, mpaka akacheka peke yake ndani ya gari. Nyuma ya amplifaya palikuwa na kitufe kidogo cha kuzungusha ambacho hakujua kazi yake. Akakizungusha mpaka mwisho, maana nani ananunua wati elfu mbili akazitumia nusu?

Jumamosi saa kumi alasiri alisimamisha gari mbele ya jengo la bibi. Watu walikuwa wamejaa: majirani, walimu wawili, wanafunzi wenzake Zornitsa, meza yenye pombe kali ya rakia na mkate wa mviringo. Snezhana, aliyekuja na Ognyan kutoka Ujerumani kwa siku mbili, alimtazama shati kuanzia kola hadi tumbo.

"Umepiga pasi," alisema. "Lazima unaumwa."

"Sikuja kwa ajili yako."

"Najua. Ungekuja kwa ajili yangu ungechelewa."

Ognyan aliegemea gari lake, mikono kifuani. Kamen alikuwa karibu na meza na glasi yake. Stoil aliwapuuza wote. Bibi akapiga teke ndoo ya maji mlangoni, mila ya kumtakia heri anayeondoka, maji yakamwagika, na Zornitsa akatoka na gauni la kijani, mrefu kuliko alivyomkumbuka wiki iliyopita. Stoil akafungua milango yote ya gari, akaweka horo, muziki wa ngoma ya duara.

Watu wakashikana mikono, duara likaanza kuzunguka. Dakika mbili za kwanza mambo yalikuwa mazuri. Zornitsa alikuwa mbele, anazungusha leso, akampungia baba yake. Kupungiwa kule, Stoil angekulipia mshahara wa mwaka.

"Ongeza," mtu alisema upande wa nyuma wa duara. "Huku hatusikii."

"Labda imechoka," Ognyan alisema. Ndilo neno pekee alilosema.

Stoil akaongeza. Muziki ukawa na mchanga ndani yake. Akadhani ni wimbo. Akaongeza tena, mpaka mwisho, na sasa ilikuwa kama mtu anayepasua mabati, watu wakaanza kukunja nyuso. Halafu ikaja harufu ya vanishi inayoungua. Spika ya kushoto ikakata. Ya kulia ikajikaza nusu dakika, ikakata nayo. Duara likasimama, miguu ya watu ikiwa bado inatafuta mdundo. Taa za buluu za amplifaya ziliendelea kuwaka vilevile.

Zornitsa alikuja mpaka kwenye buti la gari, ilipofungwa amplifaya, akachungulia.

"Hii ni nini?" aliuliza. "Ile ya kijivu iko wapi?"

Stoil hakuelewa ameijuaje.

"Mjomba," alimgeukia Kamen, "si nilikuachia leva themanini? Si ulisema utampunguzia?"

"Nilimpunguzia. Mwulize. Hakuitaka."

"Ukamwambia ni mimi?"

"Uliniapisha nisimwambie, kwamba atakataa. Nimetunza kiapo." Kamen alikunywa kidogo. "Pesa zako njoo uchukue Jumatatu."

"Ulimwona ananunua hii, ukanyamaza."

"Mtu mzima kanunua alichotaka."

Zornitsa alimtazama mjomba wake, kisha baba yake, na Stoil akaona kwamba hasira ile haikuwachagua, iliwachukua wote wawili kwa pamoja.

"Nimebeba sahani miezi mitatu kwa ajili ya spika hizo," alisema. "Hata kuniheshimu kwa siku moja mmeshindwa."

"Zori, panda tu, mwanangu, tutaimba wenyewe," Stoil alisema.

"Ufuate nyuma, baba. Ila usipige honi."

Ognyan akafungua mlango. Muziki wa gari jeusi ukawaka, safi, mzito, na Zornitsa akatoa kichwa dirishani akaanza kuhesabu, wenzake wakimwitikia. Stoil alisikia mpaka nne. Nyingine ziliishia kwenye kona.

Alikaa na mikono kwenye usukani. Aliona aibu kuwa gari la mwisho, kisha akaona aibu kubwa zaidi kutokwenda, akawasha. Aliwakuta kwenye taa za sokoni, magari kumi mbele yake, yeye wa kumi na moja, vioo chini, kimya. Mama mmoja mwenye mfuko wa stroberi, aliyekuwa anasubiri kuvuka, aliinama dirishani akamwuliza kwa ukarimu kama naye ana mtoto kwenye msafara ule.

"Hapana," Stoil alisema. "Naenda nyumbani tu."