Si Betri

…na taa je, taa zinawakaje, anauliza Brashi kutoka mbele ya gari, na mkewe, aliyeushika usukani kama anayeshikilia mtoto wa mtu, anakawia kujibu, maana zamani swali hilo lisingeulizwa, mtu angeinama tu akaangalia mwenyewe, "Zinawaka vizuri," anasema, mwanga umepiga ukuta wa ua pale rangi ilipobanduka, "Haya, piga stata huku unaziangalia, uone kama zinafifia," anazungusha ufunguo, tk, mlio mmoja mkavu kama wa kijiti kilichovunjwa, halafu kimya, "Hazijafifia," "Basi si betri," anasema mumewe, na sauti yake ina furaha, furaha ya kweli kabisa, na hiyo ndiyo inayomkata maini, kwa sababu mwanamume huyu ameamka kabla yake, amejipigia pasi shati jeupe kwa kupapasa, amejinyoa kwa vidole, ameketi sebuleni kama bwana harusi akisubiri kupelekwa kwa daktari wa macho, na gari limegoma, na yeye mkewe, Mungu amsamehe, moyoni anasema goma, goma tu mama, goma hivyo hivyo, leo usiwake… "Mlio ulikuwa mmoja au mingi?" "Mmoja." "Ingekuwa mingi, tktktktk, hapo ungesema betri imeishiwa. Mmoja ni stata. Imezeeka, inanata. Nipe spana ile kubwa," anampa kupitia dirishani, mkono wake unatafuta hewani, unapita, unarudi, unaikuta, nao wote wawili wanajifanya haukupita, kama wanavyojifanya mezani anapomimina chai nje ya kikombe, na sasa ameinama, boneti imeinuliwa imemficha kichwa, anamsikia akipapasa chini huko kwenye vyuma na kuzungumza peke yake, wewe ni nani, wewe ni dainamo, pisha, wewe ndiye, njoo hapa mzee mwenzangu… gari hili alilinunua enzi zile mji mzima ukisoma mkono wake kwenye mabango, ukitaka kinyozi unasoma mkono wa Brashi, ukitaka dawa unasoma mkono wa Brashi, alilipaka rangi mwenyewe mara mbili kwa brashi ya ukutani, ukilitazama upande unaona mistari ya nywele za brashi, yeye akiona aibu kupanda na Brashi akisema utapanda utake usitake, mke wa mchoraji hatembei kwa miguu, na walicheka, walikuwa watu wa kucheka… ko, ko, ko, anagonga, "Sasa!" anazungusha, na injini inazunguka, inaguna, inaguna, inaguna, moyoni isishike, isishike, haishiki, "Acha, acha usiiue betri. Umesikia? Stata imeamka. Sasa inazunguka ila haishiki. Tunasogea, bibie, tunasogea," tunasogea wapi, anawaza, wapi baba, maana yule daktari, mwanamke mdogo mwenye mafua, alimvuta hadi mwisho wa korido siku ile penye ndoo za kudekia na kumwambia kwa sauti ya chini, mama, ile operesheni haitakuwepo, mshipa wa nyuma ya jicho umeshakufa, macho yote mawili, nikimpasua nitamtesa bure, mlete tena nimweleze mwenyewe taratibu, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia, ndiyo daktari, asante daktari, alimshukuru, kwa lipi sijui, akarudi kwenye benchi akamkuta Brashi ameinua uso kuelekea kwenye nyayo zisizokuwa za mkewe, nyayo za muuguzi, akimtabasamia muuguzi, na alipomgusa bega akageuka na tabasamu lile lile, "Amesemaje?" na mdomo, mdomo huu, wala hakuutuma, ukasema, "Amesema tuje tupangiwe tarehe," tarehe, ilitoka wapi tarehe… "Unasikia harufu ya petroli?" "Nasikia." "Nami naisikia. Basi mafuta yanafika, pampu haina kosa, na usikanyage tena hapo utaizamisha," "Sikanyagi," na tangu siku ile neno hilo limezunguka mji, dada yake ameambiwa kwa simu, seremala wa jirani ameambiwa, kinyozi ameambiwa, hata mama wa duka ambaye hakuuliza habari amepewa, napangiwa tarehe, nikishafunguliwa macho nitakuja nikupigie bango upya, hili limekuwa bovu, ingawa aliyemwambia kwamba limekuwa bovu ni nani kama si mama wa duka mwenyewe… yalianza na herufi, macho yalianza kumtoka kupitia herufi, bango la bucha, neno lenyewe fupi, nyama, na herufi ya mwisho ikapanda juu kidogo kama inayotaka kuondoka, mwenye bucha akacheka, "Brashi, hii moja inakwenda wapi?" Brashi akacheka naye, akasema ngazi ilikaa vibaya, na usiku ule kitandani, ngazi haikukaa vibaya, ndivyo alivyosema, akageukia ukuta, yeye akamshika mgongo na hakusema neno, hajui kwa nini hakusema, daima neno linamjia baadaye, posta kazini akipima vifurushi vya watu ndipo neno linakuja, limechelewa… "Bibie." "Naam." "Nimesema hivi, mafuta yapo, hewa ipo, kilichobaki ni cheche. Nachomoa waya wa plagi, natia bisibisi ndani yake, naisogeza karibu na chuma, wewe unapiga stata, mimi naangalia kama cheche inaruka," na amelisema jambo hilo kirahisi, naangalia, kama mtu anayesema nakunywa maji, na yeye anafungua mdomo aseme ngoja nije mimi niangalie wewe upige, ni akili ya kawaida tu, mwenye macho aangalie na asiye nayo azungushe ufunguo, ndiyo, ashuke, mguu umeshagusa ardhi, kisha anaurudisha, kwa sababu akishuka atakuwa amelisema lile lisilosemwa, "Haya," anasema, "uko tayari?" "Niko tayari, piga," anapiga, injini inaguna, na kati ya boneti na gari kuna upenyo mwembamba, anaona mikono ya mumewe tu, mikono bila mtu, mkono wa kulia umeshika mpini wa bisibisi na ncha yake imeelekea juu, hewani, mbali na chuma chochote, hapo cheche haiwezi kuruka hata ikitaka, iruke iende wapi, hakuna kitu hapo, hakuna mwanga wa aina yoyote, injini inaguna, inaguna, "Acha!" anasema Brashi, "Nimeiona. Ipo. Ya buluu, safi kabisa," …ya buluu… anakaa mkono ukiwa kwenye ufunguo na kwanza anamwonea huruma, maskini, anafikiri ameona, halafu hapana, mtu hafikirii ameona, asiyeona anajua haoni, amesema tu, amesema kwa ajili ya nani, hapa hakuna seremala wala kinyozi, hapa kuna mtu mmoja… na brashi zake, zile nene na zile za kuchorea kingo, ziko wapi, zilikuwa kwenye kopo juu ya kabati, alimuuliza mwezi uliopita akasema nimemwachia yule kijana wa mabango wa kule sokoni, nimemwachia, hakusema nimemwazima, na mwenye kusubiri tarehe haachi brashi zake, mwenye kusubiri tarehe haanzi kuhesabu hatua toka kitandani hadi mlangoni kila mkewe akitoka, akadhani hasikiwi, hampeleki mkewe uwanja wa mpira kumfundisha gari kwa haraka ile kana kwamba kuna mtu anawafukuza, klachi inabembelezwa haikanyagwi, tena, tena, utakuja kunibeba wewe, na yeye akadhani ni utani… halafu korido, mlango wa korido ulikuwa wazi, ule mwangwi, na masikio ya Brashi, masikio ambayo sasa hivi yametenganisha tk moja na tk nyingi… alisikia, alisikia yote pale kwenye benchi, akamtabasamia muuguzi, akauliza amesemaje, akangoja aone mkewe atasema nini, na alipoambiwa tarehe akaipokea kama mgeni anavyopokea chakula asichokila, akaibeba, akaitangaza mji mzima, ili aliyeitoa asiaibike, na hapo kitu ndani yake kinakaa chini, hakilii, kinakaa tu, kwa sababu siku zote hizi alipochoka alijiambia angalau yeye anatumaini, angalau mmoja wetu, uongo una faida yake, nyumba ina mtu mmoja anayetumaini na mimi naota moto wake, kumbe hapakuwa na mtu, nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyekuwa akitumaini, kila mmoja alikuwa akimpepelea mwenzake jivu… "Bibie, umelala?" "Sijalala." "Basi waya nimerudisha. Cheche ipo, mafuta yapo, haina sababu ya kutokuwaka," anasema mumewe, na amejipanga kando ya taa ya mbele, mkono juu ya bati, uso umeelekezwa kwenye kioo cha gari, si kwake hasa, pembeni kidogo, kwenye kiti kisicho na mtu, na yeye anamtazama kwa muda, anaweza kumtazama apendavyo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anataka gari liwake, si kwa kuwa kuna kitu huko waendako, hakuna kitu, bali kwa kuwa huko kuna mtu mwenye mafua atakayelisema kwa sauti, mbele yao wote wawili, na wao wataweza kukaa bila kazi hii ya kufichana, "Kama umeiona," anasema, "haya," na anazungusha ufunguo, injini inaguna, inaguna, inaguna, haishiki, harufu ya petroli inapanda hadi ndani, "Tena," anasema Brashi, naye anazungusha tena.