Koti la Mwalimu wa Darasa la Tatu

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa ameshavuka geti, begi begani, anakwenda semina yake ya kumi na moja mwaka ule. Ilikuwa ya siku tano, hotelini, kuhusu umuhimu wa mwalimu kuwepo darasani. Kama kawaida, aliacha koti kwenye kiti. Shuleni hapo mahudhurio ya walimu yalipimwa kwa makoti: Mwalimu Mkuu alipita dirishani saa mbili asubuhi, akiona koti kitini anatia alama ya vema, kisha anakwenda kunywa chai. Utaratibu huo haukuwahi kumsumbua mtu, na makoti yenyewe hayakuwahi kulalamika.

Lilikuwa koti la kahawia, limechanika kiwiko cha kulia, vumbi la chaki limeganda mifukoni. Saa mbili na robo liliinuka kitini, likajikung'uta, likachukua chaki na kuandika ubaoni: ba be bi bo bu.

Wanafunzi sitini na nane walitoa madaftari.

Kwenye dawati la mbele alikaa msichana aliyekuwa katika darasa hilo kwa mwaka wa tatu. Wenzake walimwita Mzoefu. Chochote kilichoandikwa ubaoni alikinakili kwa mwandiko wa kupendeza. Kukisoma ndiko hakujua. Mama yake, fundi cherehani aliyekuwa na kibanda mkabala na geti, alishamwambia bila ukali wowote: mtihani wa kusoma wa mwisho wa mwaka ukimshinda tena, cherehani ya pili ipo, inamsubiri.

Koti halikuwa na mdomo, kwa hiyo halikumfokea mtu. Lilionyesha herufi kwa ncha ya mkono wake, likasubiri. Aliyejua alitamka, wengine wakafuata. Aliyekosea lilimsubiri tena. Lilipita dawati kwa dawati, na lilipofika kwa Mzoefu lilimwekea mkono begani, mkono mwepesi usio na kitu ndani, likatulia hapo mpaka aliposema "ba-ba." Ilichukua nusu saa. Mwalimu mwenyewe, kwa miaka miwili na ushee, hakuwahi kufika dawati lile, japo lilikuwa la kwanza.

Ijumaa mwalimu alirudi na cheti, kofia na begi jipya lenye maandishi. Alikuta darasa linasoma.

"Nani anawafundisha?"

"Koti lako, mwalimu."

"Haya. Msilichafue."

Jumatatu akaenda semina ya kumi na mbili.

Siku kiwiko kilipoachia kabisa, Mzoefu alilibeba koti mpaka kwa mama yake.

"Mama, litie kiraka. Linaandika sana hili."

Fundi aliligeuza huku na huku. "Linachapa kazi kuliko mwenyewe."

"Mwenyewe yuko semina."

"Semina ya nini?"

"Ya kuchapa kazi."

Fundi akatunga uzi kwenye sindano. "Na wewe umefika wapi?"

"Nimefika 'mwa'. Lilisema kesho tuunganishe."

"Lilisema?"

"Liliniwekea mkono."

"Basi kaza, mwanangu. Imebaki miezi miwili."

Wiki hiyo alikuja mkaguzi wa mpango wa motisha. Katika majaribio ya kusoma, darasa la tatu lilikuwa limezipita shule zote za jirani, na mwalimu wake alistahili tuzo. Mkaguzi alikaa nyuma dakika arobaini, akalitazama koti likifundisha, akajaza fomu kwa kalamu mbili.

"Huyu ni mzuri," alimwambia Mwalimu Mkuu. "Ana vyeti vingapi?"

"Halina, bosi. Ni koti."

"Kwamba ni koti naliona. Nimeuliza vyeti."

"Hakuna hata kimoja."

"Basi tuzo haitoki. Fomu inataka vitatu. Lipelekeni mafunzoni, likajengewe uwezo."

"Na watoto?"

Mkaguzi alifunga faili. "Si wanafanya vizuri? Wataendelea."

Tuzo ya muhula huo ilikwenda kwa mwalimu, aliyekuwa na vyeti kumi na viwili.

Koti lilikwenda. Lilitundikwa kwenye hanga, safu ya pili, likavalishwa kitambulisho shingoni, likafundishwa jinsi ya kumjali mwanafunzi mmoja mmoja. Lilirudi limepigwa pasi. Siku mbili baadaye liliitwa tena, awamu ya pili, na kwa kuwa sasa lilikuwa mtaalamu, lilifanya kama wataalamu wanavyofanya: liling'oa kitufe chake cha juu, likakiacha kwenye kiti, likaondoka.

Mwalimu Mkuu alichungulia dirishani, akaona kitufe, akatia alama ya vema.

Kitufe kilijitahidi. Kilipanda mezani, kikajisimamisha kwa ukingo wake, kikafundisha herufi O. Kilifundisha O kwa wiki sita, na shule nzima haikuwa na O nzuri kama zile.

Siku ya mtihani Mzoefu alipewa karatasi. Alisoma "mwa." Kisha akainamisha bega kidogo, akisubiri. Muda ukaisha.

Mwalimu wa darasa la tatu siku hizi ni mkufunzi wa walimu; mada yake ni kuwepo darasani. Mkaguzi alipandishwa cheo. Mwalimu Mkuu amestaafu, ila koti lake bado linafika ofisini kila siku. Kitufe bado kinafundisha darasa la tatu, na watoto wanakiheshimu.

Koti lilitangazwa Mwalimu Bora. Asubuhi ya sherehe lilipita kwa fundi kushonewa kitufe kipya, likamkuta binti peke yake kwenye cherehani ya pili. Mfuko wa kifuani ulikuwa umevimba vyeti. Cha juu kilichungulia nje, na binti, sindano mkononi, alilisoma neno la kwanza mpaka "mwa," akaishia hapo. Koti lilikuwa na haraka, gari la sherehe lilishapiga honi mara mbili. Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.