Aliyecheza Siku Ile Ni Mimi

Jumamosi saa nne asubuhi mtaa mzima humsikiliza mdogo wangu. Duka la dawa linamsikiliza, kinyozi wa kona anamsikiliza, na mle chumbani ninamoshonea, wateja huniomba nisimamishe cherehani kwanza wasikie vizuri. Cherehani ndiyo inayotulisha mimi na mama. Lakini nasimamisha, kwani nitasemaje?

Tulimbandika jina la Chiriku akiwa mdogo, kwa sababu alipojua kusema hakunyamaza tena. Ndilo jina analotumia redioni mpaka leo. Kipindi chake ni cha kukumbuka utoto wa enzi zetu: kaseti tulizozirudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe, televisheni moja mtaa mzima, suruali pana zilizofagia njia. Hupiga nyimbo za wakati ule, na kati ya wimbo na wimbo anasimulia. Na anajua kusimulia, loo! Ukimsikiliza unalisikia hata vumbi puani.

"Mnamkumbuka, jamani," alisema Jumamosi moja, "yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa na televisheni peke yake? Tulikuwa tunajazana dirishani kwake kama kuku kwenye tenga. Picha za ngumi! Stelingi anapigwa, anapigwa, damu puani, sisi tunalia, na kaka mmoja mkubwa anatutuliza: 'Tulieni nyie, stelingi hafi.' Mimi nilikuwa mfupi, nasimama juu ya ndoo niliyoipindua..."

Nesi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi ambaye nadhani huharibu zipu makusudi apate sababu ya kuja kupiga soga, alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mdogo wako huyu! Ana kumbukumbu ya ajabu."

Nikajichoma sindano kidoleni. Ile ndoo ilikuwa yangu. Niliibeba mwenyewe kutoka nyumbani, nikaisimamia mwenyewe, na siku ilipopasuka nikachapwa mwenyewe. Chiriku hakuwahi kukanyaga dirishani kwa mwalimu wa hesabu hata siku moja.

Ningesema nini? Jamani, mdogo wangu kaniibia ndoo? Wangenicheka. Kama wasemavyo, mwenye wivu ajinyonge.

Wiki iliyofuata akachukua daftari langu la nyimbo. Nililinunua darasa la sita, jalada la bluu, nikawa naandika maneno ya nyimbo za kigeni kama nilivyoyasikia, si kama yalivyoimbwa. Miaka miwili mizima niliimba "mbuzi wetu leo" kwa hisia zote, mkono kifuani, mahali ambapo mwimbaji alikuwa akisema kitu kingine kabisa. Chiriku aliwaimbia wasikilizaji hiyo "mbuzi wetu leo", akasema, "Mimi na daftari langu, jamani, tulikuwa hatutenganishwi." Kinyozi alivuka barabara kuja kuniambia jinsi alivyocheka. Nikamwambia ndiyo, anachekesha sana. Mdomo ulicheka, roho inawaka moto.

Mama huketi pembeni ya meza ya kukatia akinifumulia mishono iliyokosewa. Siku hiyo aliniangalia juu ya miwani yake.

"Mbona umevimba?"

"Sijavimba."

"Umevimba kama andazi." Akarudi kwenye mshono wake.

Ikaja Jumamosi ya disko toto.

Disko toto lilikuwa likifanyika katika ukumbi wa mtaa Jumapili mchana, watoto watupu, soda moja moja na muziki mpaka saa kumi na moja. Mwaka niliotimiza miaka kumi na mbili waliweka mashindano ya kudansi. Nilifanya mazoezi mwezi mzima kwenye sakafu ya jikoni nikiwa na soksi ili niteleze. Siku ya siku niliingia katikati ya duara, miguu ikateleza kinyumenyume kana kwamba sakafu ndiyo inayotembea, na watu wakaacha kupiga makofi, wakawa wanatazama tu. Sijawahi kutazamwa vile tena. Si siku niliyoolewa, wala siku niliyofungua chumba changu cha ushonaji. Nilishinda. Zawadi ilikuwa kaseti mpya, bado imo kwenye nailoni yake.

Nilikimbia nayo nyumbani. Kinasa sauti kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa cha Chiriku. Baba alikuwa amemnunulia kwa sababu Chiriku alikuwa mgonjwa. Mama akanifuta jasho, akaniambia, "Mpe mdogo wako hiyo kaseti, mwanangu. Wewe una miguu." Nikampa. Sikurudishiwa tena, na nilikuwa sijaisahau kwa miaka thelathini na mitano.

Sasa namsikia hewani: "Nilishinda mimi, wapenzi wasikilizaji! Na kaseti ile ninayo. Hii hapa mkononi, hapa studio. Sikilizeni nikiitikisa." Tukasikia kakakaka.

"Jamani!" Nesi akapiga makofi. Alikuwa amesimama mbele ya kioo amevaa gauni lililojaa pini. "Tena aliitunza!"

Nilichukua simu, nikaingia nyuma ya pazia ambako wateja hubadilishia nguo. Namba ya studio naijua kwa moyo, kwa sababu Chiriku huitaja mara kumi kwa saa. Waliniunganisha upesi kuliko nilivyotarajia.

"Karibu, uko hewani! Nani mwenzangu?"

Nikaikwaruza sauti. "Mimi ni msikilizaji tu. Nilikaa mtaa huo miaka hiyo. Nataka kusema kwamba wewe disko toto hujawahi kwenda. Aliyecheza siku ile ni dada yako. Ndoo ni ya dada yako. Daftari ni la dada yako. Na hiyo kaseti uliyoishika ni ya dada yako pia. Uongo mtupu."

Jambo moja sikuwa nimelifikiria. Redio ilikuwa imewashwa mle chumbani. Kila neno nililolisema nyuma ya pazia, redio ililirudia upande wa pili, kwa sauti kubwa, baada ya kitambo kidogo. Niliposikia "uongo mtupu" likitoka mezani kwangu, nikajua nesi naye amelisikia mara mbili.

Kisha Chiriku akasema polepole, "Asante, msikilizaji." Akaweka wimbo.

Nilipofungua pazia, nesi alikuwa anaangalia sakafu. Alivua gauni na pini zake, akavaa nguo zake, akasema atapita siku nyingine. Mama alikuwa ameacha kufumua.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Nimesema kweli."

"Sijakuuliza kama umesema kweli."

"Mama, mlininyang'anya kaseti yangu, sasa ananinyang'anya na mengine! Kapewa mayai, kapewa maziwa, kapewa redio, kapewa wewe. Mimi nilibaki na nini? Nilibaki na hayo tu ya dirishani na ukumbini. Hayo nayo ayachukue?"

Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Hakuyachukua. Ulimpa. Kila ukirudi ulikuwa unapanda kitandani kwake unamsimulia picha nzima, unapiga ngumi, unaanguka, unakufa, unafufuka. Mimi nilikuwa naacha sufuria inaungua nije kusimama mlangoni kukusikiliza."

Hilo nilikuwa nimelisahau. Au tuseme nilikuwa nimelikunja na kuliweka mbali, kwa sababu halikunisaidia kukasirika.

Kweli ilikuwa hivi. Chiriku alianguka kutoka ukutani akiwa na miaka sita, akavunjika paja. Mfupa haukuunga vizuri. Akapasuliwa mara mbili, akalala na plasta kuanzia kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu kwa karibu miaka miwili. Dunia yake yote ilikuwa kitanda, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na mimi.

Alikuja Jumatatu mchana, anachechemea kama anavyochechemea akichoka. Nilikuwa napiga pasi. Mama alipomwona alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli uani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakutaka maji. "Watu wananiandikia tangu juzi," akasema. "Wananiita mwongo. Bosi ameniuliza yule aliyepiga ni nani. Nimemwambia simjui."

"Ungemwambia."

"Nimwambie nini? Kwamba dada yangu ana kitu moyoni na hakunipigia mimi, amepiga hewani?"

"Na wewe ungesema ni mimi. Sentensi moja tu, Chiriku. 'Dada yangu alikuwa anacheza.' Ingekupunguzia nini?"

Alifungua mkoba, akatoa kaseti, akaiweka juu ya meza ya kukatia. Maandishi yake yalikuwa yamefutika kabisa. Hakuna aliyeigusa.

"Niliporudi shule nilikuwa na miaka minane," akasema. "Nimewekwa darasa moja na watoto wa miaka sita, mguu mmoja mfupi. Siku ya kwanza wakati wa mapumziko wakanizunguka. Mguu wako una nini? Nikawaambia niliumia nikidansi. Nikawaambia nilishinda mashindano, na kesho yake nikawaletea kaseti waione. Wakaacha kunicheka, dada. Wakaniomba niwasimulie. Nikawasimulia kama ulivyokuwa unanisimulia, na picha za ngumi nikawasimulia, na ndoo. Nimesimulia hivyo mpaka leo. Ndiyo kazi niliyoipata duniani."

"Kwa vitu vyangu."

"Kwa vitu vyako." Aliitikia upesi. "Lakini nikifumba macho nauona ukumbi. Naapa. Naisikia ndoo ikiyumba chini ya miguu yangu. Sijui nifanye nini niache kuiona."

Pasi ilikuwa inaanza kuunguza kitambaa. Niliiinua.

"Unajua nilivyokuwa nakuonea wivu?" akasema. "Ukitoka nilikuwa nasikiliza hatua zako mpaka zipotee. Siku uliyorudi na hiyo kaseti nilitamani uteleze palepale mlangoni. Uvunjike mguu, hata mmoja. Uje ulale na mimi."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilikuwa naomba kuvunjika. Kwamba niliwahi kupanda ukuta uleule, nikakaa juu yake muda mrefu nikitazama chini, nikifikiria mayai na maziwa na mkono wa mama kwenye paji la uso. Sikumwambia. Yale mengine alikuwa anayo tayari. Hili nilitaka libaki langu. Nilimwambia tu, "Kunywa maji basi, jua kali," na safari hii akanywa.

Jumamosi iliyofuata nesi alikuja mapema. Kinyozi naye akaja, akasema redio yake ina chenga, kisingizio tu. Walikaa bila kunitazama. Mama alikuwa mahali pake.

"Wiki iliyopita msikilizaji mmoja alinisahihisha," Chiriku alianza. "Alisema kweli. Mimi disko toto sijawahi kwenda. Nilikuwa kitandani na plasta, na kila nilichowasimulia hapa niliambiwa na dada yangu. Leo nitawasimulia yeye."

Akasimulia. Alisimulia jinsi mlango ulivyosukumwa Jumapili ile, msichana akaingia anahema, soksi zimetoboka vidoleni, shati jekundu limemganda mgongoni. Alisimulia jinsi msichana yule alivyosukuma viti ukutani na kucheza tena ngoma yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa ajili ya mtu mmoja aliyelala. Sikukumbuka kama niliwahi kufanya hivyo. Lakini nilipomsikia, nikakumbuka viti.

Nesi alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa gauni ambalo sijalimaliza. Kinyozi alinigeukia akanitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza, baada ya miaka kumi na moja ya kuonana kila siku.

Nilikuwa nimepata nilichotaka. Yaliyo yangu yamerudishwa kwangu mbele ya mtaa mzima. Na bado kile kidonda kilikuwepo, tena kimejipatia mahali papya. Kwanza, hata ukweli wangu mwenyewe alikuwa anausimulia kuliko ninavyoweza mimi. Pili, nilimwonea wivu yule msichana. Nilimwonea wivu soksi zake, na miguu yake, na vile alivyosukuma viti bila kumwomba mtu ruhusa. Nina miaka arobaini na saba. Mgongo wangu umepinda kwa cherehani na sina mtu wa kumsukumia viti.

"Kumbe ni wewe!" Nesi akasema kipindi kilipoisha. "Hebu tuonyeshe kidogo basi."

"Zipu yako iko tayari," nikamwambia.

Walipoondoka nilimpigia Chiriku, safari hii kwenye simu yake.

"Umekosea," nikasema. "Shati halikuwa jekundu. Lilikuwa la kijani."

"Lilikuwa jekundu, dada."

"Nani alilivaa, mimi au wewe?"

"Na nani alikuwa analitazama?" Akacheka, nami nikajikuta nacheka kabla sijaamua. "Basi njoo Jumamosi ijayo useme mwenyewe. Nimeshamwambia bosi. Utakaa kiti cha pembeni yangu, utasimulia picha moja ya ngumi, yoyote."

Nilikubali, kisha nikaomba anisogezee mbele wiki moja, kisha nyingine. Nafanya mazoezi. Baada ya chakula cha mchana nasimama katikati ya chumba, mkasi mkononi kama kipaza sauti, namsimulia mama jinsi stelingi alivyozungukwa na maadui kumi na wawili. Mama ananisikiliza huku anafumua. Mara mbili amesinzia. Jumamosi, Chiriku akianza kusema, huwa hasinzii.