Kiti cha Kumi na Nne

Ijumaa baada ya kazi, chama cha wasomaji kilikutana sebuleni kwa mwenyekiti wake kupanga safari ya mwisho wa juma. Walikuwa wanachama kumi na watatu, kila mmoja na kitabu kilekile mkononi, na wengi hawajavuka ukurasa wa arobaini. Walikodi basi dogo la viti kumi na vinne liwapeleke kwenye mji wa kale ulio kando ya mto, wakaone nyumba ya marehemu mwandishi. Saa nzima ilikwisha wakibishania nani atalala chumba kinachotazama mto.

Mama wa mwenyekiti, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa pembeni akipiga pasi mashati ya mwanawe ya safari. Alianza na kola, akaja mikono, mgongo akauacha mwisho.

"Mwanangu, hicho kiti kilichobaki kina mwenyewe?"

"Kwani vipi, mama?"

"Nataka kwenda. Nyumba ile nimefua miaka sita, nikiingilia uani. Nataka niingie kwa mlango wa mbele, mara moja tu, kabla sijafa."

Daktari wa meno akacheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe Bibi ni mwenzetu! Ulimfulia mwandishi soksi?"

"Na shuka. Na hadithi hizo nilimpa mimi. Alikuwa akikaa juu ya ndoo, daftari gotini."

"Mama, jamani," mwanawe akasema. "Wewe ulikuwa unafua."

"Iliyofua ni mikono, baba. Mdomo ulikuwa na nafasi."

Mkewe mwenyekiti akasema waache mambo ya kufua, wasome kidogo ili waingie kwenye hali ya safari. Mwanasheria akasimama, akashusha miwani, akafungua ukurasa wa kwanza wa hadithi. Kinywani mwake ikatoka sauti ya Bibi, pamoja na kile kikohozi chake kabla ya kumtaja marehemu na mluzi mdogo wa penye pengo. Katikati ya ukurasa sauti ikasema, "Ngoja nigeuze shuka," maneno yasiyokuwamo kitabuni, kisha ikaendelea. Bibi alikuwa amefumba mdomo, yuko kwenye mkono wa kushoto wa shati.

Daktari wa meno akapokea kitabu. Sauti ikawa ileile. Wanachama wakapiga makofi, wakakubaliana kwamba inakifaa kitabu.

Bibi alitaka kusema neno, lakini sauti ilikuwa inatumika. Akangoja ukurasa uishe.

"Basi mmenisikia wenyewe," akasema.

"Tumekusikia, mama," mkwewe akamjibu kwa upole. "Ndiyo maana huna haja ya kujichosha. Sauti yako tunayo."

Kiti cha kumi na nne wakampa mwandishi. Walikuwa wametengeneza sanamu yake ya kadibodi, urefu wa mtu mzima, na kama ingekunjwa ingeharibika shingo. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mwanasheria alinyoosha yote miwili. Jumamosi asubuhi sanamu ilikaa dirishani, imefungwa mkanda, na Bibi akapitisha mashati dirishani hapohapo, moja moja, yasipate mikunjo.

Jumapili saa kumi alasiri Bibi alikuwa akimweleza jirani dawa ya doa la kutu. Sauti ikamkatikia katikati ya neno.

"Wanasoma?" jirani akauliza.

Bibi akaitikia kwa kichwa. Jirani akavuta kigoda, akangoja.

Simu ikalia. Mwanawe alikuwa amepiga ili naye afaidi. Bibi aliiweka sikioni, akasikia mto ukipita, kisha akajisikia mwenyewe, wazi kabisa, akisoma ukurasa wa shukrani: "Hadithi hizi nimezitunga mimi peke yangu, bila msaada wa mtu yeyote." Kikohozi kikafuata, halafu makofi marefu.

"Mama, umesikia? Wameipenda sana!"

"Nimesikia," akasema Bibi, maana sauti ilikuwa imerudi. Lakini mwanawe alikuwa ameshakata. Walikuwa wanapiga picha ya pamoja mlangoni.

"Enhe," jirani akasema. "Ulifika kwenye ndimu."

"Ndimu na chumvi," Bibi akasema. "Halafu unaanika juani."